Nyumba ya mlimani Manafwa: jua, biogesi, kijito au upepo?

Mkulima wa Mlimani aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kuyafanya haya kwa mikono yao. Ninakamilisha nyumba ya vyumba vinne wilayani Manafwa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, ambamo nitahamia pamoja na mke wangu, watoto na mama yangu mzazi. Waya wa gridi umepita barabarani huko chini, lakini kutoka nguzo ya mwisho hadi kwangu ni karibu mita mia saba za kupanda kilima, na makadirio niliyopewa ya nguzo na waya peke yake yanakaribia gharama ya kuezeka nyumba nzima.

Nilicho nacho ni ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa zizini, kijito kinachopita mpakani mwa shamba na kuteremka kuelekea mto Manafwa, paa la mabati lisilo na kivuli, na upepo ambao jioni huvuma hadi majani ya migomba yanachanika. Kila ninayemwuliza ananisifia chanzo kimoja na kuviponda vingine, na mara nyingi ni kile anachokiuza. Nataka kuelewa kila kimoja kinafanyaje kazi na udhaifu wake uko wapi kabla sijatoa shilingi. Mahitaji yetu ni taa, simu, redio, televisheni, pasi, na friji ndogo ya maziwa ikiwezekana. Zaidi ya hayo ni kupika, kwa kuwa mama ana shida ya kifua na moshi wa kuni unamwumiza. Nikumbushe pia kwamba katika miaka ya tohara nyumba za kwetu hujaa wageni, kwa hiyo mahitaji hayatakuwa yale yale kila mwezi.

Fundi wa Jua, Tororo, alijibu:

Ndugu Mkulima, nitasema juu ya jua tu, kwa kuwa ndilo ninalolifunga kila siku, na wengine watayasema yao.

Ndani ya paneli hakuna kinachozunguka wala kinachoungua. Kuna vipande vyembamba vya silikoni, na mwanga unapoviangukia husukuma elektroni kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Msukumo huo ndio umeme unaoshuka kwenye waya. Kinachotakiwa ni mwanga, si joto. Joto hupunguza kazi yake, kwa kiasi cha karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii inayozidi 25, ndiyo maana tunaacha upana wa kiganja kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, upande zinakoelekea hauna uzito mkubwa. Muhimu ni kuziinamisha digrii kumi au kumi na tano ili mvua izioshe vumbi, na kuhakikisha hata tawi moja la mti halitupi kivuli juu yake, kwa sababu kivuli kidogo kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima.

Sasa hesabu. Taa sita za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 210. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Simu nne ni kama 40, na redio ni 60 ukiiwasha kutwa. Jumla ni wati-saa 470 kwa siku. Hapo sijaweka pasi, na nina sababu: pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa tu hula wati-saa 500, yaani zaidi ya vyote nilivyovitaja kwa siku nzima. Pasi ya makaa bado ina heshima yake, ndugu yangu. Friji ndogo nayo huongeza 500 hadi 700, kwa hiyo ukiitaka lazima mfumo mzima uzidi maradufu. Kupika kwa paneli usikufikirie kabisa.

Uganda kwa jumla tunapata jua lenye nguvu kamili kwa muda wa saa nne na nusu hadi tano kwa siku. Ukitoa upotevu wa njiani, kwa mahitaji hayo ya 470 paneli ya wati 150 ingetosha siku ya jua, lakini mlimani kwenu mawingu hutanda mapema mchana wa masika, kwa hiyo funga mbili za wati 150. Katika betri, weka akiba ya siku mbili. Betri ya risasi haifai kutumiwa chini ya nusu ya ujazo wake, kwa hiyo utahitaji ya volti 12 na ampea-saa 200. Ya lithiamu inavumilia kutumiwa karibu yote, kwa hiyo ya ampea-saa 100 itafanya kazi hiyo hiyo na kuishi miaka mingi zaidi, ingawa bei yake ya mwanzo inatisha.

Hapo kwenye betri ndipo ubaya wa jua ulipo. Katika nyumba nyingi ninazoitwa kutengeneza, paneli ni nzima na betri ndiyo maiti. Mtu amenunua betri ya gari kwa kuwa ni rahisi, bila kujua kwamba imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kuwasha taa usiku kucha. Ukifungua vifuniko unakuta maji yamekauka hadi vibati vimeonekana, vina utando mweupe, na mwenye nyumba anasema jua la siku hizi halina nguvu. Tena, betri ikifa ni sumu: risasi na asidi vinamwagwa nyuma ya vibanda vya vyuma chakavu, mahali watoto wanapocheza.

Neno moja la kukulinda sokoni. Jua kali la mchana hutoa karibu wati 1,000 kwa kila mita mraba, na paneli nzuri hugeuza karibu asilimia 20 ya hizo. Kwa hiyo paneli ya wati 200 lazima iwe na ukubwa wa karibu mita mraba moja. Ukionyeshwa ya nusu ya ukubwa huo iliyobandikwa karatasi ya "200W", rudisha pesa mfukoni.

Mama Shamimu, Bombo, alijibu:

Baba, umetaja kifua cha mama mwishoni, lakini mimi ningelianza nacho. Umeme wa taa unaweza kuungoja. Moshi unaingia kifuani kila siku.

Mimi napika kwa biogesi, na sijui ningerudije kwenye kuni. Chini ya ardhi kuna chumba cha tofali na saruji chenye kuba, kisichoingia hewa. Unaingiza samadi iliyokorogwa na maji kwa kipimo sawa, na vijidudu visivyohitaji hewa vinaila polepole na kutoa gesi ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Gesi inapanda kwenye kuba, inalisukuma tope litoke upande wa pili, na msukumo huo huo ndio unaoileta jikoni kwa bomba. Kilo 25 za samadi hutoa takriban mita moja ya ujazo, nayo huwasha jiko moja kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Ng'ombe wa kisasa anayeshinda zizini hutoa kilo 20 au zaidi kwa siku, kwa hiyo wawili wako wanatosha chai ya asubuhi, posho ya mchana na mboga ya jioni. Maharagwe uyaloweke usiku. Matooke ya kufukiza kwa saa nyingi yatakumalizia gesi, kwa hiyo usiitupe sigiri.

Sasa yale ambayo wanaojenga hawakuambii. Kazi ni ya kila siku, hata Idi na Krismasi. Nakoroga asubuhi kwenye kisanduku cha kuingizia, naokota mabua na majani magumu kwa mkono, kwa sababu yakiingia huelea ndani na kufanya utando mgumu unaozuia gesi. Kilo 40 za samadi zinataka lita 40 za maji, na mjue ndani ya nyumba ni nani atakayezibeba. Mara nyingi si yule aliyeamua kujenga. Mkojo wa ng'ombe ukikingwa vizuri unapunguza maji hayo. Zizi likioshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, maji yake yasiingie, na ng'ombe akichomwa sindano ya antibiotiki, samadi yake itengwe kwa siku kadhaa, ama sivyo utaviua vijidudu vyako mwenyewe.

Kwenu mlimani jambo la kuangalia ni baridi. Vijidudu hivi hupenda joto la digrii 35 hivi, na chini ya 15 ni kama vimelala. Chimbeni mahali panapopigwa na jua, si chini ya migomba, na mrundike mboji juu ya kuba. Jaribuni maungio ya bomba kwa povu la sabuni: palipo na uvujaji patatoa mapovu. Gesi inayovuja ni hatari ya moto, na methani hiyo hiyo ikienda angani hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Harufu ya yai bovu ikizidi, jueni pia kuwa gesi hiyo inakula vyuma vya jiko.

Lakini lile tope linalotoka! Migomba yangu haijui mbolea nyingine.

Mwalimu wa Fizikia, Mbale, alijibu:

Ndugu Mkulima, kijito chako kinaweza kuwa hazina au kisiwe chochote, na huna haja ya kumlipa mtu ili ujue ni kipi. Nguvu ya maji inatokana na mambo mawili tu: wingi wake kwa sekunde, na urefu yanaporomoka. Kwa mitambo midogo, ambayo hupoteza karibu nusu ya nguvu njiani, zidisha lita kwa sekunde mara mita za mporomoko mara 5, utapata wati. Lita 10 kwa sekunde zikishuka mita 12 zinakupa wati 600. Zinaonekana chache, lakini maji hayalali: wati 600 kwa saa 24 ni zaidi ya wati-saa 14,000 kwa siku, yaani takriban mara 30 ya ile hesabu ya Fundi, tena bila betri kubwa. Kwa kweli tatizo hugeuka kuwa la ziada. Usiku wa manane, taa zimezimwa, mtambo usio na mzigo hukimbia kupita kiasi, kwa hiyo huwekwa hita inayochoma umeme uliobaki, na kwako ungekuwa maji ya kuoga ya mama.

Pima hivi. Ziba kijito kwa udongo, pitisha maji yote kwenye kipande cha bomba, kinga kwa ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Mporomoko upime kwa mpira wa plastiki unaoonyesha ndani uliojazwa maji, kwa kuwa maji hukaa usawa mmoja pande zote mbili. Lakini pima Januari au Februari, kiangazi kikiwa kimekaza. Kipimo cha Mei ni cha kujidanganya.

Hasara zake unazijua kuliko mimi, maana ni mlima wako. Mvua kubwa huleta mawe na magogo, chujio huziba majani kila wiki, na ardhi ya Elgon haitulii. Maporomoko ya udongo ya Bududa ya Machi 2010 hayahitaji kuelezwa kwa mtu wa Manafwa. Bomba lililolazwa kwenye mteremko unaotembea litakatika. Isitoshe, maji ni ya jirani wa chini pia, kwa hiyo zungumza naye, kisha umwone afisa wa maji wa wilaya, kabla ya kushika jembe.

Upepo nitaukataa moja kwa moja. Nguvu yake hukua kwa kasi iliyozidishwa mara tatu kwa yenyewe: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nane, na ikipungua nusu, inabaki moja ya nane. Sehemu kubwa ya Uganda upepo wa wastani ni wa mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Kwa mita 3, pangaboi lenye kipenyo cha mita 2 litakupa kama wati 15, za kuchaji simu moja au mbili. Jirani zetu wa Kenya wana mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana yenye uwezo wa megawati 310, kwa sababu pale milima hubana upepo ukapita kwa nguvu mchana na usiku. Huo wako wa jioni ni hewa ya baridi inayoteremka kutoka juu kwa saa chache, kisha imekwisha. Jani la mgomba halihitaji upepo mkali kuchanika.

Mstaafu wa Jinja alijibu:

Wanangu, mmesema vizuri, ila mnaongea kana kwamba gridi ni kitu cha zamani. Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa ni wa maji, haukutokana na makaa ya mawe wala dizeli. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 na kuyazamisha maporomoko ya Ripon, nalo leo ni Nalubaale. Ikafuata Kiira, kisha Bujagali ya megawati 250 mwaka 2012, Isimba ya 183 mwaka 2019, na Karuma ya 600 iliyozinduliwa Septemba 2024. Kinachopungua leo si umeme, ni waya wa kuufikisha kwako.

Simaanishi kwamba haina ila. Mayai yote yamo katika mto mmoja, Nile. Ukame wa 2005 na 2006 ulipolishusha Ziwa Viktoria, nchi ilikaa kwenye migao na jenereta za dizeli za bei ya kuumiza. Aprili 2020 ziwa lilipofurika, kisiwa cha mafunjo kilichokatika kikaelea hadi kwenye milango ya mitambo ya Jinja, nchi nzima ikawa gizani. Agosti 2022 maji yaliingia ndani ya jengo la mitambo la Isimba. Ndiyo sababu naona mashamba ya paneli kama lile la Soroti la 2016 yana maana kwa taifa: mchana jua linafanya kazi, maji yanasubiri nyuma ya bwawa hadi jioni, saa ambazo watu wote wamewasha taa na paneli haitoi chochote. Mvuke wa ardhini wa Katwe, Buranga na Kibiro ungesaidia zaidi kwa kuwa haujui usiku wala kiangazi, kama ulivyofanya Olkaria kwa Wakenya tangu 1981, lakini kwetu bado haujawasha hata balbu, na si kitu cha mtu kuchimba shambani mwake.

Nasaha yangu kwako, mwanangu: usiende peke yako kuomba laini. Kusanya majirani kumi, andikeni ombi moja. Nguzo zile zile zikigawanywa kwa nyumba kumi ni habari nyingine. Na kabla ya kupiga lipu, laza mabomba ya waya ndani ya kuta, hata kama Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, itakuja baada ya miaka mitano. Betri za Fundi, ukizijumlisha kwa miaka kumi, si rahisi kama anavyozisema.

Fundi wa Jua, Tororo:

Mzee, shikamoo. Kuhusu betri za risasi nakubali, ndiyo maana nikataja lithiamu. Lakini waya wa mita mia saba kwenye mlima ule, kila mti ukianguka wakati wa mvua nyumba kumi zote zitalala gizani pamoja, na kuunganishwa si sawa na kuwa na umeme. Kuta zenye mabomba tayari, hapo sina ubishi, zinafaa kwa vyote viwili.

Mkulima wa Mlimani:

Nawashukuru nyote. Mzee, shikamoo, majirani nimeanza kuzungumza nao, na saba wamekubali kutia sahihi. Mama Shamimu, tutaanza na biogesi, na nimekubaliana na mke wangu kwamba maji ya kukorogea ni kazi yangu na ya kijana wetu mkubwa. Mwalimu, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 10, na mporomoko ulio ndani ya shamba langu ni mita 8. Kwa kanuni yako ni wati 80, nasi tuko katikati ya mvua, kwa hiyo kijito nakiachia ng'ombe.

Swali la mwisho kwa Fundi. Paneli mbili nataka kuziweka juu ya banda la ng'ombe, ambalo limekaa kwenye jua kuliko nyumba, na betri ikae ndani ya nyumba. Umbali ni mita 15. Fundi wa hapa kijijini ameshaninunulia waya wa shaba wa milimita mraba 2.5. Unatosha?

Fundi wa Jua, Tororo:

Inategemea utaziunganishaje. Ukiziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zitatoa karibu ampea 16 kwa volti 18. Waya huo kwenda na kurudi ni mita 30, una ukinzani wa takriban omu 0.22, kwa hiyo utapoteza volti 3.5 njiani. Zitakazofika ni 14.5, na betri ya risasi inataka 14.4 ili ijae. Mchana wa joto, volti za paneli zikishuka kidogo tu, haitajaa kamwe, na utakuja kuilaumu betri.

Ziunganishe kwa mfuatano, chanya ya moja iingie hasi ya nyingine. Utapata volti 36 na ampea 8 tu, na upotevu utakuwa chini ya volti 2 kati ya hizo 36, jambo linalovumilika. Waya wako utafaa bila kununua mwingine. Sharti ni kwamba kidhibiti cha chaji kiwe cha aina ya MPPT, ambacho kinaweza kuzishusha volti 36 hadi za betri bila kuzipoteza, kwa sababu vile vya bei ya chini vya PWM vitatupa karibu nusu ya nguvu yako. Kifunge ndani ya nyumba, hatua moja kutoka kwenye betri, na kati yake na betri tumia waya mnene wa milimita mraba 10 wenye fyuzi. Waya wa bandani uupitishe ndani ya bomba, uufukie, maana ng'ombe hutafuna. Na fremu za paneli uzifunge kwenye nondo iliyopigwa ardhini, kwa ajili ya radi.

Kwenye kidhibiti hicho unganisha betri kwanza. Paneli ziingie mwisho.